Macho ya Bibi Harusi

"Vua."

"Dada, ongea polepole, atasikia."

"Asikie. Vua hizo lenzi sasa hivi. Daktari kasema ukae bila lenzi wiki kadhaa ndipo upimwe macho. Wewe hata siku moja hujamaliza."

Wawili hawa walikuwa wamejifungia chumbani wananong'onezana kama wezi. Dada mtu kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Mdogo mtu kainamia kioo, kidole kimoja kinavuta kope chini, kingine kimebeba kile kiduara chembamba cha kubandika jichoni. Sebuleni, nyuma ya ukuta huo huo, mwanamume anayetaka kumuoa alikuwa kwenye kochi anaangalia mpira kwenye simu yake.

"Akiniona na miwani je?"

"Akuone. Kwani miwani ni kidonda?"

"Unasema hivyo kwa sababu wewe unaona."

Dada akaigeukia miwani. Miwani yenyewe ilikuwa juu ya meza, minene kama kitako cha chupa. Binti aliivaa tangu akiwa mdogo, na bila hiyo hata sura ya dada yake haioni mpaka amsogelee. Kuna mchumba wa kwanza, huyo hata tusimtaje sana, alimpeleka kwao akiwa ameivaa. Mama wa kijana akamtazama, akasema mbele ya watu, "Mnataka kuniletea wajukuu wa kushikwa mkono?" Uchumba ukafia pale pale. Wiki hiyo hiyo binti akaenda kununua lenzi.

Na kwa bahati, au kwa mkosi, mtaamua wenyewe, siku ya kwanza kuzivaa ndiyo siku aliyokutana na huyu wa sebuleni. Binti kazi yake ni kupamba keki. Alikuwa anapeleka keki kwenye jengo moja la maofisi, lifti ikakwama katikati ya ghorofa. Akaja fundi wa lifti, akafungua mlango kwa chuma chake, akamkuta binti kapiga magoti, keki pembeni, anapapasa sakafu.

"Umepoteza nini, dada?"

"Hereni."

Fundi akainama akatafuta naye. Kisha akainuka, akamtazama usoni, akasema:

"Una macho mazuri sana. Sijui kama umeshaambiwa."

Mambo yakaanzia hapo. Akamwita Mboni, mboni ya jicho lake, na jina likamganda mpaka kazini. Sasa niambieni, mtu anayekuita Mboni, unamtokea vipi na vitako viwili vya chupa juu ya pua?

"Mboni?" Fundi akaita kutoka sebuleni. "Ukumbi watafunga."

"Nakuja, mpenzi."

Akabandika ya pili, akapepesa, machozi yakamtoka kidogo. Dada akampisha mlangoni.

"Mimi sisemi tena," Dada akasema. Na wote wawili walijua kwamba atasema tena.

*

Ukumbi wa harusi ulikuwa juu ya duka la samani. Kwenye ngazi Fundi akamshika mkono kabla hata hajafikisha mguu kwenye ngazi ya kwanza. Ndivyo alivyo. Akiingia naye mahali, anasoma kila kitu kwa sauti. "Hapa wameandika viti mia mbili. Pale kuna mlango wa jikoni. Angalia, sakafu inashuka kidogo hapo." Wafanyakazi wenzake Mboni walikuwa wanacheka, mwanamume gani huyu anasoma mabango kama mtoto wa darasa la kwanza. Mboni aliona ni mapenzi. Hakukosea, yalikuwa mapenzi.

Walipobaki peke yao katikati ya ule ukumbi mtupu, Fundi akamgeukia.

"Macho mekundu leo."

"Usingizi tu. Tulikuwa na keki nyingi."

"Mboni."

"Naam."

"Kuna kitu ungependa kuniambia? Kabla hatujafika mbali."

"Kitu gani?"

"Chochote tu. Mimi si mtu wa kushtuka."

 Mboni akamtazama yule mwanamume, mikono yake yenye grisi isiyotoka kwenye kucha, shati alilopiga pasi mwenyewe. Neno likamfika kwenye ulimi kabisa. Kisha akamwona akilini yule mama wa mchumba wa kwanza, na sauti yake, na watu waliocheka.

"Hakuna kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sawa," Fundi akasema, akatabasamu. "Basi mimi ninacho. Mama anataka tukishafunga ndoa tukae kwake miezi ya mwanzo. Chumba kile cha mwisho. Bafu tutachangia naye, lakini utamzoea, anakupenda. Kila saa ni macho ya mkwe wangu, macho ya mkwe wangu."

Mboni akacheka, akasema ni wazo zuri. Ndani alikuwa anahesabu. Kikopo cha lenzi atakiweka wapi? Asubuhi akiamka haoni hata mlango, atasema nini? Usiku akizivua, miwani ataificha chini ya mto hadi lini?

Walipofika nyumbani na Fundi akaondoka, alimwambia dada yake bila kukaa chini.

"Mama yake anataka tukae kwake. Nafanya ile leza ya kurekebisha macho. Nimeamua."

"Umeamua wewe, au amekuamulia mama mkwe?"

"Inahusu nini?"

"Inahusu macho. Una mangapi, mdogo wangu? Mwambie yule kijana. Ni sentensi moja tu. Sema, fundi, mimi sioni mbali. Basi, umemaliza."

"Na akiniacha?"

"Akikuacha, utakuwa umeachwa ukiwa na macho yako."

Mboni akaingia chumbani akafunga mlango. Zile wiki alizotakiwa kukaa na miwani, alizimaliza zote akiwa na lenzi, kuanzia alfajiri mpaka kulala, kwa sababu Fundi alikuwa anakuja kila siku kwa mambo ya harusi.

*

Daktari wa macho alikuwa mama mtu mzima, hana haraka, anakuuliza swali kisha anasubiri. Asubuhi ya vipimo Mboni alizivua lenzi chooni hapo hapo kliniki, akazitumbukiza kwenye kikopo, akavaa miwani, akaingia.

"Lenzi ulivua lini?"

"Tangu siku ile uliyoniambia, daktari."

"Una uhakika? Nauliza kwa sababu jicho lililozoea lenzi ni kama godoro lililolaliwa. Mtu akishaamka, godoro linataka muda kurudi lilivyokuwa. Nikilipima kabla ya hapo, napima umbo la lenzi, sipimi jicho lako."

"Nina uhakika."

Nje ya mlango, kwenye benchi, Dada alikuwa amefinya mkoba wake mapajani. Alikuwa anasikia kila neno. Mguu wake mmoja ulishatangulia kuinuka, kisha akakumbuka mdogo wake alivyorudi nyumbani siku ile ya mchumba wa kwanza, alivyokaa siku nzima kaelekea ukutani. Akakaa.

Mboni akaweka kidevu kwenye mashine. Taa ikapita, maduara yakajichora kwenye skrini. Daktari akayatazama kwa muda mrefu.

"Kioo cha mbele cha jicho lako ni chembamba kiasi," akasema. "Lakini umbo limekaa sawa, kwa hiyo inawezekana. Wapo watu ambao kile kioo ni dhaifu kwa asili, kimeanza kuchongoka mbele. Hao siwagusi. Leza inapunguza unene, na kioo dhaifu ukikipunguza kinaendelea kuchongoka, hakirudi. Wewe sioni dalili hiyo."

"Basi tufanye."

"Subiri. Wewe bado msichana mdogo. Miwani inakuonyesha vizuri, hujanyimwa chochote. Nenda nyumbani ukafikirie. Nani anakuharakisha?"

Simu ikatetemeka. Mboni akaisogeza karibu kabisa na miwani yake, akasoma.

*"Mboni wangu. Mama kashanunua mapazia ya chumba chetu. Anasema ameweka kioo kikubwa ili uwe unajitazama hayo macho. Nikacheka sana. Nakupenda."*

"Hakuna anayeniharakisha, daktari," akasema. "Ni mimi mwenyewe."

Leza ikafanyika. Fundi aliambiwa kwamba Mboni na Dada wamesafiri, kuna keki ya harusi kubwa mji mwingine. Siku hizo za safari Mboni alizilala chumbani, pazia limefungwa, kavaa miwani myeusi, Dada anamdondoshea dawa. Fundi akipiga, Dada anafungulia redio ili isikike kama wako njiani.

"Mmefika?" Fundi anauliza.

"Tumefika, shemeji. Mtandao tu huku unasumbua."

"Mwambie ajitahidi kulala. Asiyachoshe macho yake."

Dada alikata simu, akaiweka chini, akaitazama.

"Huyu kijana," akasema, "mbona kila siku ni macho tu."

"Si anayapenda," Mboni akajibu kutoka kitandani.

*

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mboni aliamka asubuhi akauona ufa kwenye ukuta uliokuwepo miaka yote, akaanza kulia. Aliziona nyusi za Dada unywele mmoja mmoja, akamwambia moja imeota vibaya. Alisimama dirishani akasoma maandishi ya duka la ng'ambo ya barabara, akayarudia kama wimbo. Miwani akampa Dada.

"Katupe."

Dada hakutupa. Aliitia kwenye mkoba wake.

Fundi naye aliona tofauti. "Siku hizi macho yako meupe," akamwambia, na kwa mara ya kwanza akamwachia mkono kwenye ngazi ili atangulie mwenyewe. Mboni alipanda mbele yake anacheka. Nisikilizeni, kama mnataka kujua siku yake ya furaha ni ipi, ni hiyo. Msingoje nyingine.

Harusi ilikuwa bado mbali kidogo matatizo yalipoanza. Taa ikaota mkia machoni pake. Mboni akafikicha jicho, mkia haukutoka. Wiki iliyofuata herufi zikawa na vivuli, kila moja imebeba mwenzake mgongoni. Akajipa moyo kwamba ni uchovu. Kisha siku moja mwenye duka la keki akamwita mbele.

"Njoo uangalie hii."

Ilikuwa keki ya mtoto, nyeupe, na jina limeandikwa juu kwa krimu.

"Naiangalia."

"Jina umelipandisha kama linapanda mlima. Na huku umerudia juu ya herufi iliyokwisha kuandikwa. Mteja kairudisha. Mkono wako una nini?"

"Mkono hauna kitu, bosi."

"Basi ni nini?"

Mboni akaanza kufuta krimu mezani. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, akamhamishia kwenye kukunja maboksi mpaka atakapopata nafuu. Mboni alikunja maboksi akiwa amewapa wenzake mgongo.

Alirudi kwa daktari na Dada kamshika kiwiko. Mashine ile ile, maduara yale yale, ila safari hii yalikuwa yamevutika kuelekea chini kama tone linalotaka kudondoka. Daktari alirudia vipimo. Akarudia tena. Kisha akazima taa ya mashine.

"Nitakuuliza swali nililokuuliza siku ile," akasema taratibu. "Lenzi ulivua lini?"

Mboni akaangalia mikono yake.

"Asubuhi ile ile. Chooni hapo nje."

 Dada alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba.

"Jicho lako lilikuwa dhaifu tangu mwanzo," daktari akasema. "Lenzi zilililaza likaonekana sawa. Nami nikalipunguza."

"Nivae miwani tena?"

"Miwani haitakusaidia sana sasa. Kioo kimepinda, miwani hainyooshi kilichopinda."

"Lenzi?"

"Kuna zile ngumu. Tutajaribu, jicho likizivumilia. Na kuna tiba ya kulikaza ili lisiendelee kuharibika. Tutaifanya haraka."

"Na kurudi nilivyokuwa? Na miwani yangu tu, daktari, siombi zaidi. Nilivyokuwa na miwani yangu."

Daktari akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Hapana, mwanangu. Huko haturudi."

*

Mboni alikwenda mwenyewe mpaka lile jengo la maofisi. Alimtumia Fundi ujumbe wa sauti kwa sababu kuandika kulikuwa kunamshinda. *"Niko chini. Nataka kukuona. Usinipeleke popote, nataka tuongee hapo hapo."*

Fundi alikuwa anafanyia lifti matengenezo. Ilikuwa imesimama chini, milango wazi, kibao cha kuzuia watu kimewekwa mbele. Wakakaa ndani, sakafuni, mahali pale pale alipompata amepiga magoti.

Mboni alisema yote. Miwani ya utotoni, mchumba wa kwanza, lenzi, safari ya uongo, swali la daktari na jibu alilolitoa. Alisema akitazama mlango. Alipomaliza, Fundi alikuwa hajasogea.

"Sema kitu," Mboni akamwambia. "Nitukane basi."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba huoni vizuri. Kwamba unavaa lenzi."

"Tangu lini?"

Fundi akaonyesha sakafu kwa kidole.

"Tangu siku ya hapa. Ulisema unatafuta hereni. Hereni zako zote mbili zilikuwa masikioni, Mboni. Nilipoinama nikaiona lenzi imenata kwenye kiatu changu. Nimeshaikanyaga. Nikaona jicho lako moja linanitafuta, hujui nipo upande gani, una aibu. Ndiyo nikakuambia una macho mazuri. Nilitaka tu usione aibu."

Mboni aligeuka polepole.

"Kwa hiyo ngazi."

"Ndiyo."

"Kusoma mabango."

"Ndiyo."

"Na siku ile ukumbini ukaniuliza kama nina kitu cha kukuambia."

"Nilikuwa nakusubiri. Nilisema hili ni lake, nisimvue nguo. Siku akiniamini, ataniambia mwenyewe. Niliona ndiyo heshima."

"Ungeniambia unajua, nisingekwenda."

"Ungeniambia unakwenda, nisingekubali."

Kila mmoja alikuwa amesema kweli. Fundi akaanza kulia. Mwanamume mzima, ana bisibisi mfukoni, analia kwenye lifti ya watu.

"Niangalie, Mboni."

"Nakuangalia."

"Unanionaje?"

"Nakuona watatu," akasema. "Na wote mmenyamaza."

Akainuka, akashika ukuta. Fundi akanyoosha mkono kumshika, kisha akaurudisha, hajui kama bado anaruhusiwa.

"Sikuachi," akasema. "Harusi iko pale pale. Nitakuwa macho yako."

"Ulikuwa macho yangu siku zote. Ungeniambia tu."

*

Mtashangaa kusikia kwamba harusi ilifanyika. Mimi sikushangaa, na Dada hakushangaa. Usiku wa mazungumzo yale Mboni alimwambia dada yake maneno machache tu: "Nimekasirika naye, dada. Lakini naogopa kubaki gizani peke yangu." Mtu anaweza kuolewa kwa hilo. Wengi wameolewa kwa sababu ndogo zaidi.

Tiba ya kulikaza jicho ilifanyika, likaacha kuharibika, likabaki pale pale lilipofika. Lenzi ngumu zilimshinda, akizivaa anahisi mchanga. Kazi ya keki akaiacha mwenyewe kabla hajaambiwa. Keki ya harusi yake ilipambwa na binti mgeni wa pale dukani, na majina yao yalikaa vizuri, yamenyooka. Aliambiwa hivyo, naye akaitikia.

Ndani ya gari, kabla hawajashuka, Fundi alimnong'oneza.

"Tumwambie mama leo? Kabla hujahamia. Asije akajua kwa kukuona unapapasa bafuni."

"Leo," Mboni akasema. "Tukishaingia. Nitasema mwenyewe."

"Nitakuwa pembeni yako."

Wakaingia. Fundi alimshika mkono kwenye ngazi zile zile, na safari hii alimnong'oneza kila ngazi. Watu wakapiga vigelegele. Taa za ukumbi zote zilikuwa na mikia, na nyuso za watu zilikuwa nyingi kuliko watu. Mama mkwe akaja mbele, kavaa vizuri, ananukia, akainua shela la bibi harusi kwa mikono yake miwili.

"Jamani, njooni muone," akawaambia wageni. "Si niliwaambia? Tazameni macho haya."

Watu wakacheka kwa furaha. Mtu mmoja akapiga picha, mwanga ukampiga Mboni usoni, akaona weupe mtupu.

"Unaniona, mwanangu?" mama mkwe akauliza kwa utani. "Usije ukawa umemwona mume tu, mama umemsahau."

Fundi akambana vidole. Huo ndio ulikuwa muda. Mboni akafungua mdomo. Mbele yake kulikuwa na nyuso za yule mama, zimepandana, zote zinacheka, zote zinangoja.

"Nakuona, mama," akasema, akatabasamu kuelekea uso usio wa kweli, pembeni kidogo ya sikio la mama.

Fundi alimtazama mkewe, akamtazama mama yake. Angeweza kusema yeye. Akatabasamu naye, akaangalia chini kwenye viatu vyake.

Kwenye meza ya mbele, Dada alifungua mkoba kutafuta kitambaa. Vidole vikagusa ile miwani minene aliyoambiwa akaitupe, ambayo sasa haimfai mtu yeyote. Akaiacha humo humo, akafunga zipu, akapiga makofi pamoja na wengine.